Kusaka kompyuta ya gemu, kutoka Mwanjelwa hadi Miyomboni

Ukitaka viazi, Mbeya huhangaiki. Ukitaka parachichi, mchele wa Kyela au ndizi za Tukuyu, unashuka Mwanjelwa na ndani ya nusu saa umemaliza. Lakini ukitaka kompyuta ya mezani ambayo kijana wa kidato cha tatu atachezea gemu bila picha kukwamakwama, na mkononi una laki tisa tu, hapo safari ndiyo inaanza, na inaweza kukufikisha Iringa.

Dada yangu alikuwa na hizo laki tisa. Zilikuwa mgao wake wa kikoba, na zilikuwa na kazi nyingine inayozisubiri, maana paa la jiko lake linavuja tangu masika. Aliamua kuzielekeza kwenye kompyuta kwa sababu mwanawe alikuwa anarudi nyumbani saa mbili usiku, wakati mwingine saa tatu, kutoka kibanda cha gemu cha mtaani kwao, mahali ambapo watoto hulipia kwa mechi na wakubwa huwekeana dau. "Bora ninunue mimi nijue amekaa wapi," alisema. Akanikabidhi kijana na fedha mwishoni mwa Juni, likizo ikiendelea, kwa kuwa mimi nilikuwa na siku chache za mapumziko na yeye ana genge lisilofungwa.

Kijana alikuja na orodha. Aliiandika kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, baada ya wiki kadhaa za kutazama video. Ilikuwa na prosesa mpya, kadi ya grafiki ya RTX 3060, feni zenye taa za rangi, na bei zote kwa dola. Nilimpenda kwa ile bidii. Tatizo ni kwamba video hizo hutengenezwa na watu wanaoagiza kifaa leo na kuletewa mlangoni kesho, na kikiharibika wanakirudisha dukani. Mzazi wa Mbeya anayeagiza kadi Kariakoo huipokea kama kifurushi cha basi, asubuhi, ikiwa imefungwa kwenye boksi la biskuti. Ikigoma, kuirudisha ni nauli, simu kumi na winga ambaye siku ile alikuwa rafiki na leo hapokei.

Kwa hiyo tulianza na kinachopatikana.

Kabwe, Mwanjelwa na Uhindini maduka ya simu hayahesabiki. Ya kompyuta ni machache, na mengi huweka mbele kompyuta mpakato. Za mezani zipo nyuma, zimepangwa juu ya nyingine kama matofali: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Hizi zilikuwa mashine za ofisi huko Ulaya na kwingineko. Makampuni huzibadilisha kila baada ya miaka michache, zinauzwa kwa jumla, na zinafika kwetu kama zinavyofika nguo za mtumba. Usizidharau. Zilitengenezwa zikae zimewashwa siku nzima bila mtu kuzigusa, na kwa mwenye bajeti ndogo ndizo msingi bora kuliko kununua kila kipande kipya.

Ila mtumba una madaraja. Wauzaji hupenda kusema "hii ni Core i5, mama," kana kwamba habari imeisha. Core i5 zimetengenezwa kwa miaka mingi na zinapishana sana. Angalia namba inayofuata. Ikiwa ni i5-2400, ile 2 ya mwanzo ni kizazi cha pili, mashine ya mwaka 2011. Ikiwa i5-4590, ni kizazi cha nne. i5-6500 ni cha sita. i5-8500 ni cha nane, ya mwaka 2018, na hapo kuna mruko mkubwa, kwa sababu vile vya nyuma vina viini vinne na hiki kina sita.

Kizazi cha nane kina faida nyingine. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa masharti yake haizikubali prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Mafundi wana njia za kuilazimisha, na inakubali. Lakini baadhi ya gemu za mtandaoni, Valorant ikiwa mojawapo, hukagua ulinzi uliomo ndani ya mashine kabla ya kukufungulia kwenye Windows 11. Kijana atalalamika, na wewe hutajua anazungumzia nini.

Katika duka moja kijana aliona kadi ya grafiki. Boksi lilikuwa jipya, linang'aa, limeandikwa GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4, na bei ilikuwa karibu nusu ya tulizokuwa tumetajiwa kwingine. Macho yake yalibadilika. Akaigeuza, akaitazama ubavuni palipo na matundu ya waya, halafu akairudisha mezani taratibu na kusema ameshukuru. Tulipotoka nje nikamuuliza.

"Mama mdogo, ile ina tundu la buluu. Tena Ti ya kweli haina."

Nilitafuta maelezo yake jioni na nikakuta kijana yuko sahihi. Tundu la buluu ni lile la zamani la VGA, lenye vitundu 15, la waya wa kufunga kwa skrubu mbili. Kizazi cha kadi za Nvidia cha 1050 Ti, kilichotoka mwaka 2016, hakitoi tena picha ya mtindo huo. Kadi inayouzwa kwa jina hilo ikiwa na tundu la VGA, mara nyingi ni kadi kongwe iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la mjukuu wake. Windows inadanganyika, mnunuzi anadanganyika, gemu ndiyo haidanganyiki. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z ambayo huisoma kadi yenyewe na mara nyingi huzitambua hizi, ikaandika wazi mbele ya jina kwamba ni bandia. Iweke kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani. Muuzaji anayekataa usiifungue dukani amekujibu tayari.

Aliyetufundisha zaidi alikuwa fundi mmoja aliyesoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichopo hapahapa Mbeya. Ana meza moja na kiti kimoja, na mteja anasimama. Alipoiona orodha ya kijana hakucheka. Alivuta boksi la HP, akalifungua ubavu, akaonyesha kisanduku cha chuma kilichojibana kwenye kona. "Mdogo wangu, kabla hujaniambia kadi gani, niambie hiki kina wati ngapi."

Kile ni pawa saplai, kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vingine vyote. Kwenye video hakipewi muda kwa sababu hakiongezi kasi wala hakipendezi. Nguvu yake imeandikwa kwenye kibandiko, na kwenye mashine za ofisi mara nyingi ni ndogo: wati 180, 240, 260. Hesabu ya fundi iliingia kwenye nusu ukurasa. Prosesa ya i5-8500 imepangiwa wati 65. Weka wati 50 kwa diski, feni na vinginevyo. Ile njia ya kwenye madabodi inayochomekwa kadi ya grafiki imeruhusiwa kutoa hadi wati 75, basi. Kwa hiyo kadi inayotosheka na hizo 75, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 zile zisizo na tundu la waya wa ziada, inakufikisha wati 190. Pawa saplai ya 260 inaimudu na inabaki na pumzi.

Sasa chukua RX 580, kadi ambayo vijana wengi wanaitamani kwa sababu ina nguvu na mtumba wake si ghali. Yenyewe peke yake inakula wati 185. Fundi alisema huletewa mashine za namna hii: mtu kaifunga kwenye boksi la ofisi kwa waya wa kuunga, imecheza siku tatu, siku ya nne imezima katikati ya mechi na haikuwaka tena. Nyingine zimeondoka na madabodi. Kubadilisha pawa saplai nako si rahisi kama kubadilisha balbu, kwa sababu Dell na HP hutumia vichwa vyao vya waya visivyolingana na vya kawaida. Na zile mpya za bei ya chini sana, zilizoandikwa wati 500 lakini nyepesi mkononi kama boksi tupu, alisema hata bure asingezifunga.

RX 580 zina historia nyingine ya kujua. Nyingi zilifanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali, usiku na mchana, zikiwa zimepangwa kwa makumi kwenye vyumba vya joto. Septemba 15, 2022 sarafu ya Ethereum ilibadilisha mfumo wake, kazi hiyo ikaisha kwa siku moja, na kadi zikamwagika sokoni duniani kote. Si zote zimechoka. Lakini wewe huna namna ya kujua ipi ilipumzika. Pia kuna toleo liitwalo 2048SP, lenye jina hilohilo la RX 580 na uwezo pungufu, ambalo ukisoma haraka hulioni.

Jambo la mwisho tulilotoka nalo kwenye meza ile ni umbo. Maboksi ya ofisi yako ya namna tatu hivi: mnara wa kawaida, wembamba, na dogo kama kitabu kikubwa. Wembamba hupokea kadi fupi tu, ambazo ni adimu na bei yake inajua kwamba ni adimu. Dogo halipokei kadi kabisa. Mbeya tulikuta wembamba wengi. Minara ya kizazi cha nane tulikuta miwili, mmoja ukiwa na kutu chini na mwingine ukiwa umeshalipiwa nusu na mtu wa Tunduma. Fundi akampigia mwenzake wa Iringa.

Basi liliondoka alfajiri. Barabara ya Mbeya kwenda Iringa, kilomita zipatazo 330, ni sehemu ya ile njia kuu ya Dar es Salaam na Zambia, na mwezi wa Juni inakupitisha kwenye hali ya hewa tatu ndani ya nusu siku. Uyole kuna ukungu na akina mama wamejifunika vitenge hadi puani. Ukiteremka Igurusi na Chimala unaingia bonde la Usangu, mashamba ya mpunga yamevunwa, abiria wanavua makoti. Ukipanda kuelekea Makambako wanayavaa tena, na safari hii wanafunga vifungo vyote, maana upepo wa Makambako hauna adabu. Hapo njia ya Njombe na Songea inachepuka na reli ya TAZARA inapita. Halafu misonobari, misonobari, Mafinga na malundo ya mbao, Ifunda, na hatimaye Iringa juu ya mlima wake.

Kijana alitumia safari nzima kuhesabu upya. Alikuwa amefuta RTX 3060 kwa mkono wake. Feni za taa za rangi alizifuta baada ya Mafinga.

Nilipata muda wa kumuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la kwanza kabisa na halikuwa kwenye orodha: utacheza nini? Alitaja mpira, Tekken 7, Counter-Strike 2, na kwa sauti ya chini kidogo, GTA V. Hapo ndipo bajeti inapatikana. Gemu ya mpira na Tekken 7 hazihitaji mashine ya kutisha. GTA V ya kwanza ya kompyuta ilitoka Aprili 2015, na watengenezaji wake walipendekeza prosesa ya i5 ya kizazi cha tatu na kadi ya GTX 660, vifaa ambavyo 1050 Ti na i5-8500 zinavimudu bila jasho. Anayetaka gemu zilizotoka mwaka huu kwa ubora wa juu kabisa anazungumzia fedha nyingine. GTA V, kwa wazazi msioijua, imepewa alama ya umri wa miaka 18 huko Ulaya, na si kwa bahati mbaya: kuna mauaji, kuna mateso, kuna ukahaba. Kijana ana miaka 16. Nilimwambia hiyo atazungumza na mama yake, na nikaacha hapo kwa sababu basi lilikuwa limejaa watu wenye masikio.

Kuna gharama nyingine iliyojificha kwenye swali hilo. Gemu kubwa siku hizi inafika GB 100 na kupita. Kwa bando la simu, hiyo ni bei ya kifaa kingine. Ndiyo maana vijana huenda kuwekewa gemu dukani kwa diski ya nje, nyingi zikiwa za wizi, na pamoja nazo wanapewa virusi bure. Njia safi ni kuchagua chache halali, zikiwemo za bure kama eFootball na Counter-Strike 2, na kuzipakua mahali penye intaneti isiyo na kipimo.

Mabasi hushushia Igumbilo, kisha unapanda mjini kwa daladala au bajaji. Iringa ni mji wa kutembea kwa miguu ukiwa na pumzi, na tulikuwa nayo. Miyomboni ina maduka ya vifaa vya umeme yanayopakana na ya mablanketi, na mwezi ule mablanketi ndiyo yalikuwa yanauza. "Kamwene," tulisalimiwa kila mlango, na kijana wa Mbeya akawa anaitikia kwa aibu.

Iringa ina kitu ambacho Mbeya hainacho kwa kiwango hicho, wanafunzi wengi wa vyuo kwenye mji mdogo. Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa, RUCU, vyote vimo ndani ya mji au pembeni yake. Mwaka wa masomo unapoelekea kuisha, wanaohitimu huuza vitu ili wasibebe: majiko ya gesi, magodoro, na kompyuta. Mafundi wanalijua hilo na hununua wakati huo.

Fundi wa Iringa, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwitikia kijana shikamoo yake, akatuonyesha mnara wa Dell OptiPlex: i5-8500, ramu GB 8, SSD ya GB 256, pawa saplai wati 260. Bei laki nne na ishirini. Alikuwa pia na 1050 Ti iliyotoka kwa mwanafunzi, bila boksi, ina vumbi kwenye feni na haina tundu la buluu. Laki mbili na thelathini.

Hapa ndipo ninaposhauri mzazi asimame na asiwe na haraka, hata kama muuzaji ni mzee wa heshima. Tuliomba ifungwe, iwashwe, na gemu iendeshwe kwa nusu saa mbele yetu. Mzee hakukataa, alituletea viti. Dakika tano za kwanza kila kadi ni nzuri. Joto likishapanda ndipo mbovu hujitangaza, kwa skrini kuwa na vidoa vya rangi, picha kuganda, au mashine kuzima. Joto la kadi lilipanda likatulia kwenye nyuzi 70 na kidogo, jambo la kawaida. GPU-Z haikuandika neno baya. Kijana alifungua taarifa za SSD kuona imeshaandikwa kiasi gani. Mimi nilichofanya ni kusikiliza feni kama inakwaruza na kunusa kama kuna harufu ya kuungua, vipimo viwili ambavyo mzazi yeyote anaweza.

Kisha tukaongeza ramu nyingine ya GB 8. Hiyo iliuma. Bei za ramu zimepanda duniani tangu mwishoni mwa 2025, kwa kuwa viwanda vinaelekeza nguvu kwenye mashine za akili mnemba, na mtumba nao ukafuata. Elfu sabini. Tuliilipa kwa sababu GB 16 ndizo zinazoruhusu gemu na programu nyingine kukaa pamoja, na kwa sababu vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi haraka kuliko kimoja. Monita ya mtumba ya inchi 22, laki na elfu kumi. Kibodi na mausi, elfu ishirini na tano. Mzee aliandika risiti, akaandika na namba za kadi na za mashine, na chini yake dhamana ya miezi mitatu kwa mwandiko wa shule ya zamani.

Ilikuwa laki nane na hamsini na tano. Zile arobaini na tano zilizobaki kijana alizitaka kwa kipokea sauti cha masikioni. Nikamwambia fundi wa Mbeya alisema nini kuhusu umeme.

Umeme wa Nyanda za Juu Kusini, kama wa kwingine nchini, hukatika, na hatari kubwa si pale unapokatika bali pale unaporudi kwa kishindo. Stebilaiza ndogo ya elfu arobaini ilimaliza fedha zote isipokuwa elfu tano, na kwa maoni yangu ndiyo kifaa kilichonunuliwa kwa akili kuliko vyote. Nyumbani tulikuta jambo jingine. Soketi ya sebuleni ilikuwa na matundu matatu lakini nyuma yake waya wa ardhi haukuungwa popote. Mashine ya chuma kwenye soketi kama hiyo inaweza kukutekenya vidole ukiigusa, na kwenye hitilafu mbaya zaidi haitekenyi, inaua. Nyumba nyingi ziko hivyo. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa apime kabla mashine haijachomekwa.

Baridi yetu ni rafiki wa kompyuta. Hewa ya Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya Pwani na hupoza kwa uvivu kidogo, lakini ubaridi wake unafidia. Adui ni vumbi la kiangazi, kwa hiyo iwekwe juu ya meza, isiwekwe sakafuni, na ifunguliwe ipulizwe kila baada ya miezi mitatu minne. Ikifika kutoka safarini ikiwa ya baridi, iache saa mbili ndani kabla ya kuiwasha ili umande ukauke.

Kwa binadamu baridi hiyo ina hatari nyingine, na hapa nitasema kama mwandishi wa afya. Mtoto atakaa saa mbili kwenye chumba cha baridi akicheza, na mtu mwenye huruma atamwingizia jiko la mkaa na kufunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtoto anaumwa kichwa, anahisi usingizi, na kwa kuwa yuko kwenye gemu hatasimama kutoka. Mpe sweta na blanketi la Iringa. Jiko libaki nje.

Na betri. Kwenye madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, upana wa milimita 20, inayotunza saa ya mashine. Kwenye kompyuta za mtumba mara nyingi imeisha na hubadilishwa siku ya kwanza. Ile ya zamani hutupwa mezani. Mdogo wa kijana ana miaka miwili. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ikiwa imeshindwa kuendesha saa. Ifunge kwa gundi ya karatasi pande zote mbili na uiweke mbali. Ukishuku mtoto amemeza, usisubiri kuona, mkimbize hospitali palepale na uwaambie ni betri.

Kompyuta ilikaa sebuleni, skrini ikitazama mlango wa jikoni. Dada yangu alitaka hivyo na kijana hakubisha sana. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, na ukisoma maelezo yake utaona hauhusu mtoto anayependa gemu. Unahusu aliyeshindwa kujizuia, ambaye gemu imepita shule, chakula na watu, na anaendelea ingawa anaona madhara, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Kwa wengi wetu kinachoharibika mapema zaidi ni usingizi. Umri wa huyu unahitaji saa nane hadi kumi. Wakakubaliana saa mbili kwa siku za likizo, Jumamosi na Jumapili tu shule ikifunguliwa, na mwisho saa tatu usiku.

Dada yangu alikuwa na swali moja la mwisho, la Luku. Kijana alilifanyia hesabu nyuma ya ile orodha yake ya zamani: mashine na skrini ikiwa inacheza, wati 170 hivi, kwa saa mbili ni theluthi moja ya uniti, kwa mwezi mzima wa kucheza kila siku, uniti kumi. Nyumba yao iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na kwa kawaida hufika sitini na tano au sitini na nane. Dada yangu akaisoma hesabu mara mbili, akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini yake kwamba pasi ya umeme sasa itatumika Jumapili tu, na atakayepiga pasi ni yeye mwenye kompyuta.